Profesa Aliyehesabu Herufi

Profesa hakunifundisha darasani hata siku moja. Nilipofika Amherst, kitongoji cha Buffalo, kusoma, alikuwa amekwisha kustaafu, na chumba chake chuoni kilikuwa na mtu mwingine. Hata hivyo kila mtu alimwita Profesa: wahudumu wa maktaba, madereva wa basi, Wabengali wenzake walionunua nyumba kuukuu upande wa mashariki wa Buffalo na kuzitia rangi mpya. Nami nitamwita hivyo. Jina analo, lakini hakupenda liandikwe kwa herufi za Kizungu. Alisema likiandikwa hivyo linafanana na mtu aliyevaa koti la kuazima. Herufi za kwao mimi sizijui vizuri, kwa hiyo nimeliacha.

Alikuwa mtu mfupi, mwembamba, bega lake la kulia limelala chini kuliko la kushoto. Amherst ni mahali ambapo hata mtu wa kwenda kununua mkate hupanda gari, na Profesa hakuwahi kuendesha gari maishani mwake. Alitembea. Wakati wa theluji ungemwona kando ya barabara, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi, mfuko wa plastiki mkononi, na magari yakipunguza mwendo kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aendaye kwa miguu. Wanafunzi wengi wa Kiafrika tulimpa lifti kwa zamu. Malipo yake yalikuwa maswali. Ukiingia naye garini, kabla hujafunga mkanda, ataanza: "Kwenu, neno la 'theluji' mlilitoa wapi? Mlikuwa na haja nalo?"

Tulikutana kwenye kikao cha bodi ya shule, alasiri moja. Mimi nilikwenda kwa sababu ya kazi ya darasa; tulitakiwa kukaa nyuma na kuandika tulichokiona. Profesa aliinuka, akaomba barua za shule zipelekwe kwa wazazi kwa Kibengali. Nadhani walilitarajia hilo. Kisha, kabla hajaketi, akaongeza: "Na Kiswahili."

Mwenyekiti wa kikao, mama ambaye subira ilikuwa ikimwishia, alivua miwani.

"Profesa, kila mwezi unaongeza lugha nyingine. Kuna mtu yeyote humu anayezungumza Kiswahili?"

"Mwaliko wa kikao hiki uliandikwa kwa Kiingereza," akasema Profesa. "Utawajuaje ambao hawakuja?"

Sijui ni nini kilichoninyanyua. Nilikuwa mgeni, mwenye aibu, na sikuwa na mtoto katika shule yoyote. Nikainua mkono. Watu wakageuka. Profesa naye akageuka, akanitazama kama mtu aliyetupa ndoano kwa mazoea tu, kisha akahisi uzito.

Tulipotoka nje alinisubiri mlangoni.

"Wewe ni wa wapi, Ma?"

"Kenya. Kitale."

"Na mimi nimeomba Kiswahili bila kukijua hata neno moja. Nisamehe. Nilisikia kuna familia za Kikongo hapa mjini, nikaulizia lugha yao. Nipe neno moja niende nalo nyumbani."

Nikampa "barua". Alilitamka mara tano. Baadaye niliuliza kwa nini aliniita Ma, akanieleza kwamba kwao mtu mzima humwita hivyo msichana anayemheshimu, kana kwamba ni mama yake. Nikamwambia hata sisi twafanya hivyo hivyo, mtoto wa kike wa miaka minne huambiwa, "Njoo, mama." Alifurahi sana. Akatoa daftari dogo na kuliandika jambo hilo papo hapo, amesimama kwenye baridi.

Kuanzia siku ile nikawa mgeni wa nyumba yake. Ilikuwa nyumba ndogo ya kupanga, imejaa vitabu mpaka jikoni, na juu ya meza ya chakula palikuwa na taipureta ya kijivu, nzito kama jiwe la kusagia. Hakuiita kumbukumbu. Alikuwa akiitumia. Barua zake zote za Kibengali alizipiga chapa humo, ingawa kompyuta ilikuwa chumba cha pili, na tulipokula ilitubidi tuweke sahani pembeni yake.

Alipokuwa mhadhiri kijana huko kwao, yeye na wenzake waliombwa kusaidia kupanga vitufe vya taipureta ya Kibengali. Mashine za wakati ule zilitengenezwa kwa ajili ya lugha za Ulaya. Vitufe vyake havizidi hamsini, na Kibengali kina herufi hamsini na kitu, halafu kina mamia ya herufi za kuungana, mbili au tatu zikishikamana na kuwa umbo jipya. Unazipangaje zote humo? Jibu la Profesa lilikuwa kuhesabu. Walichukua magazeti, majalada ya mahakama, barua za mapenzi walizoombwa kuzirudisha haraka, wakakaa na kalamu za risasi wakichora mstari kwa kila herufi waliyokutana nayo. Herufi iliyotokea mara nyingi ikapewa kidole chenye nguvu.

"Kidole cha mwisho ni maskini," aliniambia, akinionyesha chake. "Usimpe mzigo kwa sababu tu yuko karibu."

Alinifundisha kupiga chapa jina langu kwa herufi zake. Kuna vitufe ambavyo ukivibonyeza, kigari cha mashine hakisogei. Alama inatua chini ya herufi au juu yake, na mashine inangoja. Nilidhani imeharibika. Profesa akacheka. Akanieleza pia kwamba wana irabu zinazoandikwa kabla ya konsonanti lakini hutamkwa baada yake.

"Kama wahamiaji," alisema. "Mwili unafika kwanza, sauti inafuata baadaye. Mtu asiyejua kusoma atafikiri umekosea."

Alipenda kusahihisha. Hilo lazima niliseme, maana waliompenda huwa wanalipitia haraka. Mkahawa mmoja wa Kibengali wa Buffalo ulilazimika kuchapisha orodha ya vyakula mara tatu kwa sababu yake; mara ya nne mwenye mkahawa alimletea nakala nyumbani kabla ya kuipeleka kuchapwa. Kadi ya arusi ikiwa na kosa la tahajia, aliirudisha kwa posta ikiwa na alama nyekundu, kisha akaenda kwenye arusi na zawadi nzuri. Watu walimwogopa. Lakini kosa la mtu katika lugha isiyokuwa yake Profesa hakuligusa. Kwa lugha yake alikuwa polisi. Kwa lugha za wengine alikuwa mgeni mwenye adabu, avuaye viatu mlangoni.

Siku moja nilikuwa nikizungumza kwa simu na rafiki yangu wa Nairobi, Profesa akiwa kando yangu garini. Nilipokata simu akaniuliza: "Umesema 'kitabu yangu'. Kile kitabu cha sarufi ulichoniazima kinasema 'kitabu changu'. Ni ipi?"

"Iliyo sahihi ni 'changu'," nikasema, uso ukinichoma.

"Sikuuliza iliyo sahihi, Ma. Nauliza watu husema ipi."

Nilikasirika kidogo. Mimi ni mtoto wa mwalimu wa Kiswahili. Nilikuwa nimepata alama za juu kabisa za Kiswahili sanifu katika shule yetu, na kule nyumbani mtu akisema "kitabu yangu" mbele ya wageni, baba alikohoa. Nikawasha redio. Tukaendelea na safari mpaka dukani, akanunua samaki wake wa barafu, nami nikamrudisha kwake.

Kila Februari Wabengali wa Buffalo hukusanyika kuwakumbuka vijana waliouawa kwa kudai lugha yao, zamani, serikali ilipotaka nchi nzima itumie lugha nyingine. Profesa alikuwa mwanafunzi wa shule wakati ule. Alibandika mabango, akapigwa kwa rungu, na ndiyo sababu bega lake lilikuwa hivyo. Haya niliyajua kutoka kwa watu wengine. Yeye alikwenda kwenye ukumbi kila mwaka na maua yake, akaketi safu ya nyuma kabisa, na kila mwaka walimwomba apande jukwaani, naye akakataa.

"Waliokuwa na haki ya kusema hawapo," alisema. "Mimi niliumia bega tu. Kuna mtu aliyewahi kuhutubia kwa bega?"

Na bado mtu huyu, aliyepigwa kwa ajili ya lugha ya mama, alimlea binti yake wa pekee kwa Kiingereza kitupu. Binti huyo anaishi Columbus, ni mhandisi, mwanamke mpole mwenye sauti ndogo. Hajui kusoma hata jina la baba yake kwa herufi za kwao. Nilipomaliza masomo nikapata kazi Columbus, ya kutafsiri kwa simu baina ya wagonjwa na madaktari, na binti yule alinipokea kama dada. Alinipikia, akanisaidia kutafuta nyumba. Siku moja tukiosha vyombo aliniambia, bila uchungu, kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Baba amewapigania watoto wa mji mzima wapate barua kwa lugha zao. Mimi alinisomea hadithi kwa Kiingereza."

Nilimuuliza Profesa. Nilikuwa nimemzoea kiasi cha kuthubutu. Tulikuwa mezani kwake Amherst, nimekuja kumtembelea. Alivua miwani, akaifuta.

"Nilikuwa nimechoka," akasema. "Mchana kutwa naipigania lugha. Nikirudi nyumbani sina nguvu ya kuizungumza. Mama yake alikuwa amefariki, mtoto analia kwa Kiingereza, namjibu kwa Kiingereza. Siku zikapita." Akavaa miwani. "Usinitetee kwa watu, Ma. Hili halina utetezi."

Sikuwahi kumsikia akijitetea kwa lolote. Pengine ndiyo maana nilimpigia simu yeye, si mtu mwingine, siku yangu mimi ilipofika.

Nilikuwa nimehamia Louisville. Kule Wakongo ni wengi, wametoka Uvira, Bukavu, Fizi, wakapita makambini miaka na miaka, na sasa wanafanya kazi kwenye maghala na viwanda. Kampuni moja ndogo ya kuwatafutia watu kazi, ambayo leo haipo tena, ilinipa karatasi ya usalama wa ghala moja la mtaa wa Okolona niitafsiri kwa Kiswahili. Niliifanya kazi ile kwa fahari. Niliisoma kwa sauti nikaona inateleza. Palikuwa na sentensi isemayo: "Hakikisha mtambo umetengwa na chanzo cha nishati kabla ya kuondoa kizuizi chochote." Nilijipongeza kwa hiyo sentensi.

Miezi michache baadaye, Mama Furaha, mwanamke wa Uvira niliyemfahamu kanisani, aliona sanduku limekwama kwenye mkanda unaobeba mizigo. Akaingiza mkono kulichomoa. Mkanda ulikuwa bado unakwenda. Ulimvunja vidole viwili.

Kampuni ikasema kosa ni lake. Alifundishwa kwa lugha yake, akatia sahihi. Sahihi hii hapa. Wakaniita niende siku ya Jumatano nithibitishe kwamba tafsiri ilikuwa kamili. Nikithibitisha, Mama Furaha atapoteza kazi, na matibabu atajijua mwenyewe.

Nilikwenda kwake kwanza. Alikuwa ameketi kitini, mkono umefungwa bendeji nyeupe mpaka kwenye kifundo, watoto wake wakizungumza Kiingereza chumba cha pili.

"Mama, ile karatasi uliisoma?"

"Niliisoma, dada. Nilisoma yote. Bon, niliona ni Kiswahili, lakini haiko ile yetu. 'Mtambo' ni nini? 'Nishati' ni nini? Sikusikia kitu, sikuelewa. Donc nilitia tu sinyatire, ile sahihi, juu batu bote balikuwa banatia."

"Kwa nini hukuuliza?"

Alinitazama kwa huruma, mimi ndiye ninayehurumiwa.

"Nilisikia haya. Nilisema, kumbe Kiswahili yangu mimi ni mbaya."

Nikatoka, nikakaa garini nje ya nyumba yake, nikampigia Profesa simu. Nilimweleza yote kwa haraka, na nilipomaliza nikaongeza kwamba tafsiri yangu haikuwa na kosa hata moja.

"Ilikuwa sahihi?" akauliza.

"Ndiyo, Profesa."

"Alielewa?"

"Hapana."

"Basi ilikuwa sahihi kwa nani?"

Ndipo aliponisimulia jambo ambalo hakuwahi kulisema mezani kwake miaka yote ile. Mashine yao ya kwanza ilipotoka, ofisi zilishangilia. Wiki chache baadaye mwanamke mmoja, mpiga chapa wa ofisi ya serikali, alikuja mpaka chuoni, akaweka barua mbele yake. Barua imepigwa chapa vizuri, safi kabisa, na chini, mahali pa jina la mpiga chapa, jina limeandikwa kwa kalamu. Katika jina la yule mama kulikuwa na herufi ya kuungana ambayo Profesa na wenzake waliitupa kwa sababu hesabu ilionyesha haitokei mara nyingi.

"Aliniambia, 'Bwana, umenipa mashine inayomwandika kila mtu isipokuwa mimi.' Nikataka kumwonyesha hesabu zetu, Ma. Nilikwisha kufungua saraka ya meza. Hesabu zilikuwa sahihi!" Nilimsikia akivuta pumzi. "Nilifunga saraka. Nikawaandikia watengenezaji. Walikataa mara tatu. Mwisho tukaondoa kitufe cha alama ya robo, tukaweka kipande cha herufi yake. Lakini barua ya kwanza ndiyo ilikuwa ngumu. Ile ya kusema, mimi niliyepanga ndiye niliyekosea."

"Nikisema hivyo Jumatano sitapata kazi kwao tena."

"Hutapata," akakubali. "Jumapili nitakuwa hapo. Niambie basi linasimama wapi."

Alikuwa amepita miaka themanini. Alipanda basi Buffalo, akabadilisha Columbus, akafika Louisville na mfuko wake wa plastiki, ndani yake wali, kalamu za risasi na daftari. Nilimpeleka moja kwa moja kanisani. Baada ya ibada wafanyakazi wa ghala walibaki ukumbini, labda thelathini, wakimtazama yule mzee wa Kihindi, kama walivyomwita, aliyeketi mwisho wa meza ndefu.

Kazi aliyoitoa ilikuwa rahisi. Nilitakiwa niwasimulie tukio: sanduku limekwama, mashine inakwenda, mwenzako anaingiza mkono. Wewe utampigia kelele gani? Kila mtu alikuja mezani akasema vyake, nami nikaandika kama alivyotamka, bila kunyoosha. Profesa, asiyejua lugha yenyewe, alichora mistari kando ya kila neno lililorudiwa. Hakuna aliyesema mtambo. Hakuna aliyesema nishati. Mistari ilijaa kwenye "zima" na "mashini" na "mukono". Kijana mmoja wa Fizi akasema neno ambalo lilifanya ukumbi mzima ucheke, na Profesa akasisitiza liandikwe.

Mama Furaha alikuwa wa mwisho. Alisimama na mkono wake uliofungwa.

"Andika hivi, dada. 'Zima mashini kwanza. Kisha utie mukono.' Basi. Ingeandikwa vile, mimi singeumia."

Profesa akaniuliza amesema nini, nikamwambia. Akaweka kalamu chini, akainuka, akamwinamia yule mama kama watu wa kwao wanavyowasalimu wakubwa. Mama Furaha alibabaika. "Huyu muzee anafanya nini? Mwambie aikale, ataanguka."

Jumatano nilikwenda ofisini. Profesa alikuja nami, nikamwomba asiseme neno, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alitii. Msimamizi akasukuma karatasi yangu mbele.

"Hii ni tafsiri kamili ya maelezo yetu?"

"Ni kamili," nikasema, "na haieleweki. Mimi ndiye niliyeiandika. Niliiandika kwa Kiswahili cha shuleni kwetu Kenya. Watu mnaowaajiri si wa kwetu. Huyu mama hakufundishwa kwa lugha yake. Alifundishwa kwa yangu."

"Unasema kazi tuliyokulipa ilikuwa mbaya?"

"Ndiyo."

Nikawapa karatasi mpya, ile ya kanisani. Nikawaambia nimekwisha kuyaandika haya na kuyatia sahihi, na nakala anayo mwanasheria ambaye kanisa limemtafutia Mama Furaha. Msimamizi alimtazama Profesa, labda akidhani ndiye mwanasheria. Profesa alimtikisia kichwa kwa upole.

Sikupata kazi kwao tena. Mama Furaha alitibiwa kwa gharama yao, vidole vikaunga, kimoja kimebaki kimepinda. Alirudishwa kazini sehemu ya kupanga nguo, na ile karatasi ya maneno machache ikabandikwa kando ya mkanda. Mwaka uliofuata, ghala jingine lilinitafuta kwa sababu ya hiyo karatasi. Leo kazi yangu karibu yote ni hiyo. Kabla ya kutafsiri chochote, naenda kanisani, sokoni, kwenye maegesho ya magari zamu ikitoka, nasikiliza, nachora mistari. Baba yangu akisoma ninachoandika atakohoa. Mama Furaha haulizi tena maana ya neno. Nikikaa kula mezani kwangu humkumbuka Profesa, na shukrani hunijia kama njaa inavyokuja, bila kuitwa.

Mara ya mwisho kuonana naye ilikuwa Columbus. Alikuwa amepatwa na kiharusi kidogo, binti yake akamchukua kutoka Amherst akakaa naye kwake. Miguu ilipata nafuu, sura za baadhi ya watu zikampotea. Kiingereza hakikurudi. Kilimtoka chote, miaka hamsini na zaidi ya Kiingereza, akabaki na Kibengali peke yake.

Binti yake alinipigia simu asubuhi. "Baba hali chakula siku ya nne leo. Zahanati wamempigia mkalimani wa Kibengali, mkalimani anasema baba anachanganya maneno. Daktari ameandika kwamba akili inaondoka." Sauti yake ndogo ilikatika. "Nami sijui anasema nini."

Nilifika kabla ya saa sita mchana. Profesa alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amekonda, blanketi magotini. Alinitazama bila kunitambua, akasema sentensi ndefu, akairudia, akapiga kiti kwa kiganja. Mtu aliyechanganyikiwa harudii jambo lile lile kwa maneno yale yale. Hilo nililijua kwa kazi yangu.

"Baba alizaliwa wapi?" nikamuuliza binti yake.

"Kijijini. Kusini kabisa, kwenye mito."

"Kibengali cha huko ni kama hiki cha vitabuni?"

Alifikiri. "Sijawahi kukisikia. Alipokuwa akimpigia shangazi simu, alifunga mlango."

Nikapiga simu Buffalo. Niliwapigia Wabengali wote niliowajua kule, mmoja akinipa namba ya mwingine, nikiwaambia sitaki Mbengali yeyote tu, nataka mtu wa kule kusini kwenye mito. Saa tisa alasiri tukampata mama mmoja mzee, anayelea wajukuu. Binti yake Profesa akaweka simu kwenye mkono wa kiti, sauti juu. Yule mama akasema maneno matatu au manne.

Profesa akageuza kichwa. Uso wake ulifunguka. Akaanza kusema, na mama yule akaitikia, akasema tena, mama akacheka, akamuuliza kitu, akajibiwa. Kisha akatuambia kwa Kiingereza chake cha taratibu:

"Akili yake nzima. Anasema jino. Chini, kushoto, la nyuma. Anasema amewaambia watu wote wa nyumba hiyo tangu wiki iliyopita, na hakuna hata mmoja mwenye masikio."

Binti yake alijifunika uso kwa mikono miwili, mabega yakitikisika, nami sikujua kama analia au anacheka. Alipoondoa mikono akainama kwenye simu. "Mama, neno la jino, kwa lugha yenu. Nifundishe."

Yule mama akalitaja, naye akalisema kwa baba yake. Profesa akakunja uso, akalirudia vizuri. Binti akajaribu. Profesa akatikisa kichwa, akalirudia tena, polepole zaidi, akijionyesha mahali ulimi unapogusa. Mara ya nne akamkubalia, akampapasa shavu.

Kisha akanyoosha kidole upande wangu mlangoni, akauliza kitu.

"Anataka kujua huyo aliyesimama hapo ni nani," akasema mama wa simu. "Nimwambie nani?"

Nikapaza sauti ifike kwenye simu. "Mwambie ni mwanafunzi wake."

Akamwambia. Profesa alinitazama kwa makini, kutoka juu mpaka chini, akajibu kwa ukali kidogo.

"Anauliza, kama ni mwanafunzi, mbona amesimama? Aketi."

Nikavuta kiti, nikakiweka karibu na magoti yake, nikaketi.